Uko Jumuiya Gani?

Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa ukifika ofisi ya parokia. Umekuja kuandikisha mtoto kwa ajili ya ubatizo, umekuja kutangaza ndoa, umekuja na habari ya msiba, swali ni lile lile, na aliyekaa nyuma ya meza hatosheki ukimtajia kanisa unalosali Jumapili. Anataka jumuiya, kile kikundi kidogo cha Wakatoliki wa mtaani kwako wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mtakatifu Rita, Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Mtakatifu Kizito, taja yako. Ukishataja, ataomba barua. Na barua za jumuiya yetu, katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam wenye mashimo mengi kuliko taa, naziandika mimi.

Ukatibu wa jumuiya haugombewi. Kwa kawaida anachaguliwa yule ambaye siku ya uchaguzi hakuwepo kujitetea. Unakabidhiwa daftari kubwa na muhuri, na kuanzia hapo simu yako ni ya watu wanaokutafuta saa nne usiku kwa sababu harusi ni wiki ijayo. Wengi wao sijawahi kuwaona. Wamekaa mtaani miaka, Misa hawakosi, sadaka wanatoa. Wanashangaa kwa nini Mungu anayewajua kwa majina ahitaji uthibitisho wa katibu. Ni swali zuri, na kuwajibu "ndio utaratibu" ni kuwakwepa.

Barua yenyewe ni mistari michache. Inasema kwamba mtajwa tunamfahamu, anaishi nasi, anashiriki nasi. Kwa hiyo sigongi muhuri kwa mtu ambaye hakuna kati yetu anayejua mlango wake. Namwambia aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, akae nasi, ajitambulishe, na habari ya barua tutaizungumza baada ya hapo. Wananiona mkorofi.

Nashikilia hivyo kwa sababu naamini Mkristo ambaye hakuna jirani anayejua leo ameamka na nini anakosa kitu ambacho Misa nzuri, kwaya nzuri na mahubiri ya kwenye simu haviwezi kumpa. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliwauliza jambo hilo watawa waliopenda kuishi kila mtu peke yake: ukikaa peke yako, utamwosha nani miguu? Bwana alijifunga kitambaa, akainama mbele ya wanafunzi wake mmoja mmoja. Wewe unayesema unamfuata umejitenga na kila mwenye miguu.

Watu wa rika langu walizikuta jumuiya zipo, na wengi wanadhani zililetwa na wamisionari wa kwanza pamoja na rozari na kengele. Si za zamani kiasi hicho. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi Desemba 1973 kupanga Kanisa la miaka ya 1980 litakuwaje. Wakaamua kwamba maisha ya Kanisa, mjini na kijijini, yajengwe juu ya vikundi vya watu wanaoishi na kufanya kazi mahali pamoja, vikundi vidogo vya kutosha watu kujuana kweli. Mwaka 1976 wakarudi Nairobi, na mara hiyo jumuiya ndogo ndogo ndizo zilizokuwa ajenda yenyewe. Kongo walikuwa wametutangulia; maaskofu wao walichagua njia hiyo tangu 1961.

Sababu inayotajwa sana ni uchache wa mapadri. Ni kweli. Parokia ya kijijini ina vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini yake, padri anafika kimoja leo na kingine wiki kadhaa baadaye, na katikati hapo watu wanazaliwa, wanaugua, wanakufa. Lakini ukiishia kwenye sababu hiyo, utaichukua jumuiya kama kiraka: siku mapadri wakiongezeka, tunakibandua.

Hapa Tanzania kulikuwa na jambo zaidi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, watu walishazoea balozi wa nyumba kumi, na nchi nzima ilikuwa inazungumza habari ya kuishi pamoja. Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo la Rulenge, upande wa Ngara, aliyeanza uaskofu wake mwaka 1969, hakutosheka kuusifia ujamaa kutoka mimbarini. Alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Na fundisho lake juu ya Utatu Mtakatifu nalipenda kuliko lolote nililopewa katekesi. Sisi tulifundishwa Utatu kama hesabu isiyokubali, watatu ndani ya mmoja, na tukaambiwa tusiulize sana. Mwoleka alisema Mungu hakutufunulia Utatu ili tukune vichwa. Alitufunulia namna anavyoishi yeye, ili tuiige, na namna hiyo ni kushirikishana. Ujamaa kwake ulikuwa nafasi ya kujaribu kuishi hivyo hapa chini, kwa jembe na kwa ghala.

Ujamaa wa vijiji tunajua ulivyokwisha: watu kuhamishwa kwa nguvu, nyumba kuvunjwa, mashamba kuachwa mbali. Jumuiya zenyewe zimebaki. Nadhani sababu moja ni kwamba hakuna aliyepakiwa kwenye lori kupelekwa jumuiya, ingawa namna nyingine za kulazimishana tumezibuni, nami nitazifikia.

(Ndugu zangu Walutheri wasidhani nimewasahau. KKKT wana jumuiya zao na sala zao za majumbani, na kule Kagera kabla ya hapo palikuwa na Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ambapo ndugu walikutana na kuungamiana makosa mbele ya wenzao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia mwaka 1977 katika mkutano uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Shemeji yangu Mlutheri husema Wakatoliki tumeiga. Huwa simbishii, maana nikiwa kwake chai inakuwa mezani bado.)

Sasa hiyo Jumamosi saa kumi na mbili. Tunakutana nyumbani kwa mwanajumuiya, kwa zamu. Anayewahi ni yule mwenye nyumba ya mbali. Wa jirani ndio wanaochelewa. Rozari inakuwa imeanza wakati wengine bado wanatafuta kanga ya kujitanda. Halafu tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata kwa zile hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana kwa sala, mmoja anasoma, kisha kila mtu anachomoa neno au kifungu kilichomgusa na kukirudia kwa sauti bila maelezo. Tunanyamaza. Tunashirikishana. Hatua ya sita tunaulizana Neno hili linatutuma kufanya nini wiki hii, hapa mtaani. Ya saba tunasali, kila mtu kwa maneno yake.

Tazama sasa waliokaa kwenye vile viti vya plastiki. Yuko mstaafu wa benki. Yuko dereva wa bajaji. Yuko mama anayeuza vitumbua kona ya barabara, mwalimu wa sekondari, fundi ujenzi, na msichana wa kazi wa nyumba yenye geti jeusi. Kwaya unaingia kwa sauti yako. Kikundi cha karismatiki unaingia kwa namna unavyopenda kusali. WAWATA ni ya akina mama, VIWAWA ya vijana. Katika jumuiya umeingizwa na ukuta uliopakana nao. Hakuna hapa aliyemchagua mwenzake, na wengi, tukisema ukweli, wasingechaguana.

Hapo ndipo ninapoona thamani yake. Msichana wa kazi akipewa tendo la tatu la rozari, anaongoza, na mama mwenye nyumba anayemlipa mshahara anaitikia. Nimejaribu kufikiri mahali pengine katika jiji hili ambapo hao wawili wanaweza kukaa hivyo, nimekosa. Ofisini hapana, hospitalini hapana, harusini huyo msichana yuko jikoni. Hata kanisani Jumapili wanakaa benchi tofauti na hakuna anayesikia sauti ya mwenzake. Siku moja, kwenye Injili ya mtumishi asiyesamehe, msichana yule alishirikisha kwa maneno machache kwamba yeye sala ya "utusamehe makosa yetu" humwia rahisi jioni kuliko asubuhi, kwa sababu jioni anakuwa ameshagombezwa na anajua cha kusamehe. Hakumtaja mtu. Padri wetu anahubiri vizuri sana, lakini hilo hajawahi kutuambia.

Nitoe mfano mwingine, maana watu wakisikia "kushirikishana Neno" wanafikiri ni maneno laini tu. Mstaafu alijenga ukuta. Ukuta ukaziba mkondo wa maji ya mvua, na masika yalipofika maji yakaingia chumbani kwa mama wa vitumbua, yakalowesha unga. Walikwenda serikali ya mtaa, wakaambiwa waelewane. Hawakuelewana. Wakaacha kusalimiana, ila Jumamosi wote wawili wanakuja, kila mmoja amekaa pembe yake. Ikafika Injili ya Mathayo sura ya 5, ile ya kuiacha sadaka yako mbele ya madhabahu na kwenda kupatana kwanza na ndugu yako. Hatua ya tatu, mama akasema: "Upatane kwanza." Akanyamaza. Mtu mwingine akataja kifungu chake. Mama akarudia: "Upatane kwanza." Mara ya tatu sauti ilikuwa kubwa kidogo, na hatua ya nne, ile ya ukimya, haijawahi kuwa ndefu hivyo. Mstaafu alikuwa anakagua kamba za viatu vyake.

Kilichotuokoa ni hatua ya sita. Mwenyekiti, mzee asiye na haraka, alipouliza Neno linatutuma nini, fundi ujenzi akasema, "Twendeni tukauone mtaro." Tukaenda wote, rozari mikononi, wengine na watoto mgongoni. Fundi akapima kwa hatua zake, akasema ukuta hauhitaji kuvunjwa, unahitaji kutobolewa chini na kuwekwa bomba. Akataja bei mbele yetu wote. Mstaafu hakuwa na pa kujificha, akalipa. Hao wawili hawajawa marafiki, na sitakudanganya kwamba wanakula pamoja Krismasi. Wanasalimiana, na unga umekauka. Kama wangekuwa wanasali makanisa mawili tofauti wanayoyapenda, kila mtu na watu wake, hadi leo wangekuwa baraza la ardhi.

Kwenye msiba ndipo hata wasiotupenda wanakubali. Alifariki fundi magari mmoja, mwenyeji wa Kigoma, kijana aliyepanga chumba na hakuwa na ndugu Dar es Salaam. Kwa mji huu, mtu wa namna hiyo angeweza kulala mochwari huku namba za simu za kijijini zikitafutwa. Jioni ile ile turubai lilikuwa limefungwa, na waliolifunga ni vijana Waislamu wa kijiweni kwake, kabla hata mwenyekiti wetu hajafika. Akina mama wakagawana zamu za jikoni. Wengine wakalala msibani, juu ya mikeka, kwa ajili ya mtu ambaye mama yake mzazi hawajawahi kumwona. Daftari la rambirambi lilishikwa na mwalimu, kwa hiyo hesabu zilisomwa hadharani hadi shilingi ya mwisho. Sanduku likapatikana, gari likapatikana, na wawili kati yetu wakasindikiza mwili zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwao. Walisema mama wa marehemu aliwauliza ninyi ni nani wake. Wakasema, "Sisi ni jumuiya yake." Mama akaelewa.

Kuzikana ni kazi ya Wakristo tangu zamani. Tertuliani wa Kartago, Mwafrika wa kaskazini, akiwatetea Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi karibu na mwaka 197, alieleza fedha zao zinakwenda wapi: kuwalisha maskini na kuwazika, kuwatunza yatima wasio na kitu, wazee wasioweza tena kutoka nje, waliovunjikiwa na meli, na waliofungwa au kupelekwa machimboni kwa sababu ya imani. Ukiondoa meli, ni ajenda yetu ya Jumamosi. Tena anasema kila mtu hutoa kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka, na akiweza. Anasisitiza kwamba hakuna anayelazimishwa.

Nimefika sasa kwenye zile namna za kulazimishana, na hapa najua baadhi ya viongozi wenzangu watanuna.

Daftari nililokabidhiwa lina safu. Zaka. Mavuno. Ujenzi. Tegemeza seminari. Sikukuu ya somo. Ukarabati wa nyumba ya mapadri. Kila safu ina sababu nzuri, na anayedhani Kanisa linaendeshwa kwa sala peke yake hajawahi kulipa bili ya umeme ya kanisa. Shida ni mahali safu hizo zilipokaa. Zimekaa kwenye hatua ya sita. Tunauliza Neno linatutuma kufanya nini, na kabla mtu hajajibu, matangazo yanaanza: fulani amemaliza ahadi, fulani bado, mwisho wa kulipa ni Jumapili ya pili. Nimeona jumuiya ambazo zimeacha kabisa kushirikishana Neno. Rozari, michango, baraka, kwaheri. Watu wazima wanaodaiwa wanaanza kukwepa njia inayopita kwa mweka hazina. Masikini, ambaye kwa ajili yake jambo lote lilianzishwa, ndiye wa kwanza kutoonekana, kwa sababu kila Jumamosi jina lake linasomwa.

Halafu inakuja barua. Nimeshasema sigongi muhuri kwa nisiyemfahamu. Lakini kutomfahamu mtu ni jambo moja, na kumnyima kwa sababu hajalipa ni jambo jingine kabisa, na katika sehemu nyingi mambo hayo mawili yameshikana kiasi kwamba hakuna anayeyatenganisha. Familia inafiwa, inaulizwa kadi ya zaka. Mama mjane anataka mtoto abatizwe, anaambiwa amalize kwanza ya ujenzi. Nilihudhuria maziko ya mzee mmoja, mahali sitapataja, ambapo waombolezaji walisimama juani wakati viongozi wakibishana pembeni kama marehemu alikuwa "hai kijumuiya". Marehemu, hai kijumuiya! Nilitamani kucheka, mjane alikuwa amesimama karibu.

Wenzangu hujibu kwamba bila kubanwa watu hawaji. Inawezekana. Ila tusijidanganye kwamba anayekuja kwa kubanwa amekuja jumuiya. Amekuja kulipia huduma, na akishapewa barua ya ndoa hutamwona mpaka mtoto azaliwe. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Kanisa la kwanza lilipata manung'uniko juu ya wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwauliza wale wajane kama wamemaliza michango. Walichagua watu saba, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani, yaani walichagua kutoka upande ule ule ulionung'unika. Ningependa kuona jumuiya ikimchagua mwenye madeni mengi kuliko wote kuwa mweka hazina, mwaka mmoja tu, tuone daftari litasomwaje.

Sisi tumefanya jambo dogo. Majina na kiasi havisomwi tena. Mweka hazina anakaa na daftari dakika chache baada ya sala ya mwisho, anayetaka anamfuata. Makusanyo hayajapanda, wala hayajaanguka kama tulivyotishwa. Wawili waliokuwa wamepotea wamerudi.

Kuna hoja moja dhidi ya yote niliyosema, na ni nzito kuliko ya michango. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo, Wakatoliki wengi kuliko wengine wote. Jumuiya za mitaani walikuwa nazo. Majirani walijuana, walibatiziana watoto. Aprili 1994, kujua mlango wa jirani, jambo ninalolisifia tangu mwanzo wa makala hii, ndiko kulikowarahisishia wauaji kazi. Mauaji yalianza tarehe 7. Tarehe 10 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ikafunguliwa Roma, ile iliyolitaja Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Wakati maaskofu wanazungumza habari ya familia, watu walikuwa wanauawa ndani ya makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Askofu Albert Obiefuna wa Awka, Nigeria, alisimama kwenye sinodi hiyo akasema lisilopendeza: kwa Mwafrika, ikifika pabaya, damu ya ukoo ni nzito kuliko maji ya ubatizo. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia ndani, na padri wa pale, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, hapa kwetu. Rufaa ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha.

Kwa hiyo anayeniambia "jumuiya inatosha" simwamini tena. Kukaa pamoja kila wiki, kuimba pamoja, hata kuzikana, havimzuii mtu kuchukua panga siku akiambiwa jirani yake si mwenzake.

Lakini iko pia Buta. Ni seminari ndogo kusini mwa Burundi, Jimbo la Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa kutengana. Wakauawa arobaini. Burundi wanawaita mashahidi wa udugu, na makaburi yao yako hapo hapo Buta. Vijana hao nao hawakuchaguana. Kitanda cha huyu kilipakana na cha yule kwa sababu ndivyo vilivyopangwa. Walikuwa watoto wa shule, wengi hawajafika miaka ya kujitegemea, na walijua wenzao wa kabila jingine ni akina nani, kwa majina na kwa tabia, vizuri tu kama wauaji wa Rwanda walivyowajua majirani zao. Kufahamiana kulikuwa kule kule. Kilichotofautiana ni jibu lao walipoamriwa kutengana.

Tangu niisome habari hiyo, Jumamosi mtu akianza na "watu wa kabila fulani ndivyo walivyo", au "hawa Waislamu bwana", au "Walokole wale", namkatiza hapo hapo, hata akiwa mzee kuliko mimi. Nasema, "Shikamoo mzee, ila hapo tusiendelee." Wananiona mkorofi kwa mara nyingine. Naona afadhali tuzoee kukataa vitu vidogo, unga ukiwa bado haujalowa.

Mambo mengine yanayosumbua jumuiya nitayapitia haraka, kwa sababu hayana siri. Wanaume hatuji, wanaokuja tunapewa uongozi hata kama akina mama ndio wanaofanya kazi, na mimi nikiwa mfano. Vijana wanasema saa kumi na mbili ya Jumamosi ni adhabu, nami nawaelewa; jumuiya jirani imehamia Jumapili jioni na wanajaa. Maghorofa ni tatizo jipya: mlinzi haruhusu watu ishirini wapande na rozari bila kuandikwa kila mmoja kwenye kitabu. Kundi la WhatsApp linasaidia kutangaza msiba na kupeleka pesa, halisaidii kuona kwamba mwenzako amekonda.

Linalonigusa kwa sasa ni zamu. Wanaoishi chumba kimoja walikuwa wanaruka zamu zao kimya kimya. Wanasema "wiki hiyo nitakuwa safarini", na tunajua hakuna safari. Wanaona haya. Nyumba za watu wenye nafasi zimeleta desturi ya chai na maandazi baada ya sala, mara soda, mara supu, na asiye na uwezo anaona heri asikaribishe. Tulibishana sana, maana wenye nyumba kubwa walisema ukarimu ni fadhila na Abrahamu alichinja ndama. Mama wa vitumbua, ambaye angefaidika kwa kuuza, ndiye aliyependekeza kwamba kuanzia sasa kila nyumba itoe maji ya kunywa, basi. Ikapita kwa kura, wa geti jeusi wakapinga.

Zamu inayofuata ni ya dereva wa bajaji. Ana chumba kimoja, kitanda, meza na televisheni. Ameuliza kama anaweza kutukaribisha uwanjani, chini ya mwembe, na mwenye nyumba wake, Hajati mmoja mkali kuhusu usafi, amekubali, kwa sharti kwamba viti virudishwe mahali pake na asikute ganda la embe hata moja. Mwenyekiti amenituma nikamshukuru, na nikiwa huko nimwombe atuazime mikeka miwili, maana viti havitoshi.